Naomba ushauri: nitabaki peke yangu zamu ya usiku kwenye kituo cha binafsi, nijikinge namna gani kisheria?

A1_Katuba aliandika:

Jambo wakubwa wa kazi. Nina diploma ya uuguzi ya ngazi ya A1, na kituo kimoja cha afya cha binafsi hapa Lubumbashi kimekubali kunipa kazi. Mkataba sijasaini bado. Masharti nimeelezwa kwa mdomo: usiku muuguzi ni mmoja, pamoja na mlinzi na mama wa usafi. Dokta halali pale, anatoa maagizo kwa simu. Wajawazito wanaofika usiku wanazalishwa na muuguzi wa zamu. Ufunguo wa dawa unakaa na muuguzi. Mgonjwa ambaye hajalipa hatoki, na akitoroka, deni linakatwa kwenye mshahara wa aliyekuwa zamu.

Kazi naihitaji, sitaki kuikataa juu ya woga tu. Mgonjwa akifa ao akipata kilema, sheria inamshika nani: mimi, dokta ao mwenye kituo? Agizo la simu linaandikwa vipi ili kesho lisikanushwe? Polisi wakija nafanya nini? Na nidai nini kabla ya kusaini? Aksanti.

Avoka_Kopa aliandika:

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Kuna njia tatu ambazo muuguzi anaweza kufuatwa, na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza ni jinai. Katiba yetu ya Kongo (RDC) ya 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, hakuna anayeshtakiwa kwa tendo la mwingine. Maneno hayo yanakulinda na yanakubana pia. Kosa la dokta halitakuwa lako. Lakini kusema "mkubwa aliniagiza" hakutafuta kile ulichofanya kwa mkono wako wakati ulipaswa kujua kwamba ni hatari. Wauguzi wanafuatwa zaidi kwa vifungu vya 52 hadi 54 vya Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu, yaani kuua ao kujeruhi bila kukusudia kwa kukosa uangalifu ao tahadhari. Kwa kifo ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 pamoja na faini. Kwa jeraha ni siku 8 hadi mwaka 1. Parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) haina haja ya kuonyesha kwamba ulimtakia mgonjwa mabaya. Inatafuta jambo ambalo muuguzi makini wa ngazi yako angelifanya na wewe haukulifanya, kisha inatakiwa kuonyesha kwamba upungufu huo ndio ulioleta kifo. Vitu hivyo viwili vyote vinasomwa kwenye fishi ya mgonjwa, yaani karatasi za matibabu yake.

Ya pili ni fidia. Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia kinamlazimisha aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe, na kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri ajibu kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Familia inayotafuta pesa itamfuata kwanza mwenye kituo, juu yeye ndiye mwenye mali.

Ya tatu ni Odre ya wauguzi (chama rasmi kinachosimamia kazi yetu ninyi wauguzi), iliyoundwa kwa sheria nambari 16/015 ya 15 Julai 2016. Tribinali inaweza kukuachilia na Odre ikakuadhibu, ao kinyume chake. Kama jina lako halijaingia kwenye orodha ya Odre, usianze hata zamu moja. Kesi yoyote itafunguliwa kwa swali hilo, na utakuwa umepoteza heshima mbele ya hakimu kabla ya kueleza ulivyomhudumia mgonjwa.

Sasa hilo la kumzuia mgonjwa asiyelipa. Kulikataa ni lazima. Kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwaka 1 hadi 5 mtu anayemshikilia mwenzake kiholela kwa nguvu, hila ao vitisho. Deni la hospitali halimpi mtu yeyote mamlaka ya kufunga mlango. Na anayefunga mlango usiku ni wewe, siyo mwenye kituo aliyelala kwake. Deni lina njia yake: hati ya kukubali deni iliyosainiwa, jina la mdhamini, nakala ya kitambulisho, tarehe za kulipa. Karatasi hizo ni za mtu wa kaunta. Na kukatwa mshahara juu ya deni la mtu mwingine kusiingie kwenye mkataba hata kidogo. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 haimwachii mwajiri akate mshahara anavyotaka.

Zamu_ya_Usiku aliandika:

Niongeze kuhusu agizo la simu, maana hapo ndipo wengi wanaanguka.

Kabla ya kupiga, uwe na namba mbele yako: umri, uzito, mapigo, pumzi kwa dakika, shinikizo la damu, joto, mgonjwa amepewa nini tayari na saa ngapi. Dokta aliyeamshwa usingizini atajibu kile ulichomwambia. Ukimwambia "mtoto hali si nzuri", atakupa agizo la mtoto ambaye hamjui.

Akianza kutaja dawa, andika huku anasema. Kisha msomee yote upya na ungoje aseme ndiyo: jina la dawa, kipimo kwa miligramu, njia, kasi, kila baada ya saa ngapi. Usikubali "ampuli moja". Ampuli ya kinini ya mililita 2 inaweza kuwa na miligramu 500 ao 600, inategemea aliyeitengeneza. Na saa iandikwe kwa tarakimu 24. Hapa kwetu mmoja anahesabu saa za Kiswahili, mwingine za Kifaransa, kwa hiyo "saa mbili" inaweza kuwa 20:00, 08:00 ao 02:00. Kwenye fishi andika: "02:10, agizo la simu la Dr. fulani, limesomwa upya, amekubali", halafu saini yako. Asubuhi dokta asaini chini ya mstari huohuo kabla zamu haijabadilishwa. Zoea kumngoja na fishi mkononi.

Asipojibu, andika kila jaribio: 02:10 hajibu, 02:14 hajibu, 02:20 nimepigia hospitali ya rufaa. Mistari hiyo mitatu inaonyesha kwamba muda haukupotea kwako. Usiku usioandikwa, mbele ya OPJ (ofisa wa polisi anayechunguza kesi) unahesabika kama usiku uliolala.

Kuna maagizo ambayo hata kwa sauti ya dokta unayakataa. Potasiamu kloridi kusukumwa moja kwa moja kwenye mshipa: moyo unasimama. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 10 ina gramu 1, karibu milimoli 13. Inachanganywa kwenye serumu, isizidi milimoli 40 kwa lita, na isizidi milimoli 10 kwa saa pasipo mashine ya kuangalia moyo. Ampuli zake zinafanana na za maji ya sindano. Ziweke kwenye sanduku lake peke yake, na ikiwezekana zisikae kabisa kwenye kabati la zamu. Kinini pia haisukumwi: miligramu 10 kwa kilo ndani ya glukosi ya asilimia 5, kwa saa 4, na sukari inapimwa, maana inashuka. Kwa malaria kali artesuneti ndiyo ya kwanza: miligramu 2.4 kwa kilo, na 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, saa ya 0, ya 12 na ya 24. Ukikataa agizo, sema sababu kwa heshima, toa njia nyingine, kisha andika yote mawili.

Mama_Materniti aliandika:

Binti yangu, jiogope zaidi kwenye uzazi. Wanakufa watu wawili kwa mara moja, na familia haisahau.

Oksitosini kabla mtoto hajatoka, kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji, usiiguse. Ndiyo inayopasua mji wa mimba, na mtaalamu atakayeitwa na parke atauliza kwanza kama iliwekwa, kiasi gani, matone mangapi. Watu wa familia watakusukuma ("mwekee ya kuharakisha"), na wenye vituo wengine pia. Nafasi yake ni baada ya mtoto kutoka: uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika 1, ukishapapasa tumbo na kuhakikisha hakuna pacha. Inahifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Kwa umeme wa SNEL unavyokatika, uliza friji inategemea nini usiku, na uandike joto lake asubuhi na jioni. Ampuli iliyokaa kwenye joto inapoteza nguvu, mama anaendelea kuvuja damu na wewe unaamini amepata dawa.

Patogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, ijazwe wakati uchungu unaendelea. Mapigo ya moyo wa mtoto na mikazo kila dakika 30, kufunguka kwa njia ya uzazi kila saa 4. Patogramu iliyojazwa yote asubuhi kwa biki moja na mwandiko mmoja uliotulia inajulikana kwa macho, na inageuka ushahidi dhidi yako.

Mama mwenye degedege la ujauzito: magnesiamu salfeti gramu 4 polepole kwenye mshipa, na gramu 5 kila tako, kisha safari ya hospitali. Kabla ya dozi yoyote inayofuata, pumzi ziwe 16 kwa dakika ao zaidi, goti lirushe mguu likigongwa, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Glukoneti ya kalsiamu gramu 1, ya kutengua magnesiamu ikizidi, iwe karibu, tayari kuvutwa kwenye sindano. Kama kituo hakina hiyo, mwenye kituo aambiwe kwa maandishi.

Na hati ya kumhamisha mgonjwa ibaki na nakala kituoni. Saa aliyofika, ulichokuta, ulichompa, saa uliyoamua kumhamisha, saa gari lilipofika. Mara nyingi ucheleweshaji upo kati ya hizo mbili za mwisho, na pasipo kuziandika utabebeshwa wewe.

Bikira_wa_Fishi aliandika:

Mimi ningemwambia apige picha kila ukurasa wa fishi kwa simu yake kabla ya kutoka zamu. Fishi zinapotea, hasa mgonjwa akishakufa. Anayebaki bila kitu ni muuguzi.

Avoka_Kopa aliandika:

Yaya, hofu yako ni ya kweli lakini dawa hiyo ina sumu. Simu inaibiwa, inatengenezwa kwenye kioski, inaonwa na bwana ao watoto, na picha ya fishi ina jina na ugonjwa wa mtu. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwezi 1 hadi 6 mtu anayetoa siri aliyoipata kwa kazi yake. Fishi ikiwa na jibu la VIH (virusi vya ukimwi) ni mbaya zaidi, kuna sheria ya pekee, nambari 08/011 ya 14 Julai 2008, inayowalinda watu hao. Hata bwana wa mgonjwa akiuliza, hata mchungaji wake, jibu linatoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Njia salama ni hii: fishi ziwe na kurasa zenye namba, buku la zamu liwe limeshonwa na si karatasi huru, na kila asubuhi anayepokea zamu asaini kwamba amepokea fishi za vitanda fulani. Ikitokea ajali, siku hiyohiyo andika ripoti ya ndani kwa nakala mbili, upeleke moja kwa mwenye kituo na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Ndani yake weka namba ya fishi badala ya jina. Kesi ikifunguliwa, wakili wako ataomba fishi yenyewe kupitia parke.

Bikira_wa_Fishi aliandika:

Nimeelewa kuhusu siri. Lakini ripoti yenye muhuri inahitaji mwajiri anayekubali kugonga muhuri, na mwenye kituo akijua kuna kesi hatagonga.

Avoka_Kopa aliandika:

Ndiyo, linatokea. Basi mtumie kwa ujumbe ao barua pepe siku ileile, bila jina la mgonjwa. Tarehe na saa za kutuma zinabaki hata akikaa kimya.

A1_Katuba aliandika:

Aksanti sana yaya na papa na mama wote. Na polisi? Kama OPJ anafika saa ya usiku na anataka fishi, ao anataka mimi niende naye?

Avoka_Kopa aliandika:

Ukimwona OPJ, mwombe kitambulisho na hati aliyo nayo. Hati ya kuitwa inakutaka ufike siku fulani, unafika. Fishi inatoka kwa hati ya maandishi ya OPJ ao ya magistra. Andika orodha ya kurasa unazotoa, asaini kupokea, nakala ibaki kituoni. Mpigie mwenye kituo na dokta mbele yake, kwa sauti.

Kama unachukuliwa, usikimbie wala usibishane. Kifungu cha 18 cha Katiba kinataka uambiwe sababu papo hapo, katika lugha unayoielewa, na kushikiliwa na polisi kusipite saa 48 kabla ya kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka. Kifungu cha 19 kinakupa wakili tangu hatua ya polisi. Kama pesa ya wakili haipo, barreau (chama cha mawakili) ina ofisi ya ushauri wa bure. Toa jina lako na kazi yako, kisha sema utajibu mengine wakili akiwepo. Wengi wanajiumiza hapa kwa kueleza kwa huruma: "labda ningemwahi." Neno hilo linaandikwa kwenye PV (maandishi ya polisi ya maelezo yako) kama kukiri. Soma PV yote kabla ya kusaini. Isomwe kwa Kiswahili kama Kifaransa chake kinakushinda, na mstari usio wako uombe urekebishwe.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa uzito wote: baada ya tukio usiguse kilichoandikwa. Kugeuza saa, kuchana ukurasa, kuandika fishi mpya "safi", ni kughushi, kifungu cha 124, miezi 6 hadi miaka 5. Kosa la uangalifu lililokuwa na kikomo cha miaka 2 umeligeuza kuwa la miaka 5. Kurekebisha kunafanywa kwa mstari mmoja juu ya neno, lisomeke bado, na herufi za jina lako pembeni. Kama kitu kilisahaulika, andika "nyongeza, imeandikwa 06:30, kuhusu 03:15".

Zamu_ya_Usiku aliandika:

Kabla ya polisi huwa wanafika jamaa wenye hasira. Habari ya kifo usiitoe ukiwa peke yako mlangoni. Muite mlinzi, chagua ndugu mmoja ao wawili watulivu, mkae kwenye chumba ambacho wewe uko karibu na mlango. Sema wazi kwamba amefariki, saa ngapi, na kwamba dokta atawaeleza. Usitaje kosa la mtu yeyote, lako wala la wengine. Wagonjwa waliobaki bado ni wako, kwa hiyo kukimbia bila kumkabidhi mtu kunakufungulia kesi nyingine.

Sindano_za_Watoto aliandika:

Malalamiko yanayorudi sana ni mtoto aliyepigwa sindano ya tako na mguu ukalegea. Neva kubwa ya mguu inapita pale, na mtoto mdogo hana nyama ya kuikinga. Sindano ya msuli kwa mtoto mdogo ipigwe paja la mbele, upande wa nje. Andika mahali: "paja la kulia". Neno "IM" (ndani ya msuli) peke yake halitakutetea mzazi akileta mtoto anayechechemea.

Wewe mwenyewe ukichomwa, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, na dawa za kuzuia VIH zianze ndani ya saa 2 ikiwezekana, zisipite saa 72, kwa siku 28. Liandikwe siku hiyo kama ajali ya kazi, mwajiri alitangaze kwa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii). Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi 3, mwezi 0, 1 na 6. Uliza nani anailipa.

Papa_Titulaire aliandika:

Kuhusu mkataba. Kwanza omba kuona ruhusa ya kituo kutoka kwa afya ya mkoa. Kituo kisicho na ruhusa kitafungwa na wewe utahesabiwa kati ya waliokitumikia. Kwenye mkataba wenyewe ngazi yako iandikwe A1, pamoja na kazi unazofanya na zile usizofanya, namba yako ya CNSS, saa za zamu, muda wa majaribio (sheria haikubali upite miezi 6). Jina la dokta wa zamu kwa kila usiku libandikwe ukutani kwa tarehe. Kufanya tendo la dokta bila kuwa dokta kunakufungulia kesi ya kufanya kazi ya kuponya kinyume cha sheria, kwa hiyo itifaki za kituo, zile za malaria kali, kuvuja damu na degedege, zisainiwe na dokta na zikae kwenye faili la zamu. Ukifuata itifaki iliyosainiwa unatekeleza. Bila karatasi hiyo utaambiwa ulijiamulia.

Ufunguo wa dawa: mnahesabu wawili wakati wa kupokezana, mnaandika idadi, mnasaini wote. Usipokee kabati ambalo halijahesabiwa, hata kama mwenzako ana haraka ya kwenda kulala.

A1_Katuba aliandika:

Nimeongea na mwenye kituo leo. Amekubali kuondoa deni la wagonjwa, amekubali CNSS na kabati. Jina la dokta wa zamu kwa maandishi amekataa, anasema simu inatosha.

Papa_Titulaire aliandika:

Basi mwandikie barua fupi, nakala mbili: "Kufuatana na mazungumzo yetu ya tarehe fulani, naelewa kwamba usiku hakuna dokta aliyetajwa kwa jina. Kwa hiyo mgonjwa yeyote anayezidi ngazi ya muuguzi nitamhamisha hospitali ya rufaa bila kungoja, na naomba mahali pa gari na namba ya dereva." Nakala yako igongwe muhuri na tarehe. Akisaini, umepata kinga na gari. Akikataa barua hiyo pia, mdogo wangu, usisaini mkataba.